Msaada: redio inamaliza betri ya boti, na bado nataka kuongeza taa na pampu

Mzamiaji Mkavu: Wakuu, habari za muda huu. Nina boti ndogo ya faiba, mita 5, mashine ya nje, betri moja ya volti 12, Ah 70 (ampia-saa, yaani umeme inaoweza kubeba). Redio na spika mbili nimefunga mwenyewe: waya mwekundu na wa njano nimeisokota pamoja kwenye chanya, mweusi kwenye hasi. Mziki unalia safi. Shida ni kwamba nikiiacha siku kumi, stata haizunguki, navuta kamba mpaka bega linauma. Na bado nataka taa za usiku, chaji ya simu na pampu ya ngamani, ya kutoa maji chini ya boti. Nianzie wapi?

Fundi wa Gati: Mkuu, njano ni ya kutunza saa na stesheni, nyekundu ndiyo ya kuwashia. Ukizisokota pamoja, redio hailali. Zima kila kitu, chomoa waya wa hasi kwenye betri, pitisha mita ya ampia hapo katikati. Usiguse stata mita ikiwa hapo, utaiunguza.

Mzamiaji Mkavu: Inasoma 0.24.

Fundi wa Gati: Mwizi kapatikana. Hiyo ni karibu Ah 6 kwa siku; siku kumi, 58 zimekwenda. Nyekundu ipitishe kwenye swichi. Kama hujali kutafuta stesheni upya, na njano ifuate hukohuko.

Bi Nanga: Wanaume mmeongea mziki tu, fyuzi iko wapi?

Mzamiaji Mkavu: Ipo, dada, ile ndogo nyuma ya redio.

Bi Nanga: Hiyo inalinda redio. Waya wa mita 4 kutoka betri unalindwa na nani? Ukichubuka ukagusana na hasi, betri inamwaga mamia ya ampia, na tangi la petroli liko pembeni. Weka fyuzi kuu karibu kabisa na betri, isizidi sentimita 18, kisha waya mmoja mnene upitie swichi kuu uende kwenye boksi la fyuzi, kila kifaa na yake. Hasi zote zirudi pamoja. Pampu tu ndiyo isipitie swichi kuu: ipe fyuzi yake na ifunge moja kwa moja kwenye betri, mvua ikinyesha usiku ifanye kazi wewe umelala.

Unene nao usibahatishe. Ampia 10, mita 4 kwenda na 4 kurudi: waya wa mm² 2.5 unakula volti 0.56, wa mm² 6 unakula 0.23. Mimi ningevuta wa 6.

Paka wa Bandari: Maungio mimi huwa nalehemu tu.

Fundi wa Gati: Waya uliolehemiwa unakuwa mgumu, boti ikitikisika unakatikia pale risasi inapoishia. Bana kwa koleo lake, vika mrija unaosinyaa kwa moto, wenye gundi ndani. Na waya uwe wa nyuzi nyingi zilizopakwa bati. Ule wa ukutani, wa uzi mmoja, uache nyumbani.

Paka wa Bandari: Haya, sibishi. Ila mwenye mada, spika umezifunga wapi? Zina sumaku, na dira haipendi majirani hao.

Mzamiaji Mkavu: Chini ya usukani. Dira iko juu yake… Kumbe! Tangu nizifunge, kaskazini imehamia spika ya kushoto. Kesho nazitoa.