Feni ya ThinkPad T480 haitii amri kwenye Linux, mkosaji ni nani?

FundiWaUani
Wakuu, wakubwa shikamooni. Nina laptop ya T480 ya mtumba, ya mteja, ina Debian (aina ya Linux). Analalamika kwamba akiingia kwenye mkutano wa video mashine inageuka pasi. Sikumbishia: nimeendesha stress-ng (programu ya kuibebesha prosesa mzigo mzito) dakika tano, `sensors` (amri ya kusoma joto na kasi ya feni) ikaonyesha prosesa 94°C, na feni imeng'ang'ania mizunguko 3,300 kwa dakika, haipandi haishuki. Nikasema ngoja niilazimishe mwenyewe:

`sudo echo level 7 > /proc/acpi/ibm/fan`

Jibu: Permission denied. Na sudo, ile ya kupata mamlaka ya msimamizi, nimeweka! Kijana wa duka la jirani kaja, kasikiliza kidogo, kasema feni imekufa, nunua nyingine. Feni ya T480 si bei ya karanga, na mteja kalipa nusu tu. Kabla sijaingia mfukoni, nitajuaje kama tatizo ni feni, draiva (programu inayoiongoza feni) au ni mimi?

BabuTerminali
Marahaba. Kwa hapo ni wewe, ila kidogo tu. Sudo yako imeipa mamlaka `echo`, haikuipa ile alama ya `>`. Alama hiyo hupeleka maneno ndani ya faili, na faili linafunguliwa na shell yako (programu inayopokea amri zako), na shell bado ni mtu wa kawaida. Pitishia kwa tee, amri inayoliandika faili yenyewe:

`echo level 7 | sudo tee /proc/acpi/ibm/fan`

Nakwambia mapema, itakataa tena, safari hii kwa Invalid argument. Huyo sasa ni draiva. thinkpad_acpi, ndiyo draiva yenyewe, inamruhusu yeyote kusoma feni, lakini kuiamrisha kumefungwa mpaka uombe. Fanya `cat` (yaani soma) ya faili hilohilo: ukiona status, speed na level peke yake, bila mistari inayoanza na commands, ujue mlango umefungwa. Tengeneza /etc/modprobe.d/feni.conf, ndani weka mstari huu mmoja, kisha zima na kuwasha:

`options thinkpad_acpi fan_control=1`

Halafu usirukie 7. Kwanza tuma `watchdog 60` kwenye faili hilo, ili zikipita sekunde 60 hujatuma amri, draiva iirudishe feni yenyewe mahali salama. Mimi niliwahi kuacha level 0, yaani feni imezimwa, nikaenda kupokea simu ya shemeji, na shemeji hana simu fupi. Niliporudi mashine ilikuwa imejizima. Basi: level 2, subiri sekunde kumi, soma speed, level 4, subiri, soma, level 7. Na utege sikio. Namba ikipanda na mlio ukabaki uleule, usiiamini namba. Ukimaliza rudisha `level auto`. Kwenye auto anayeamua kasi ni EC, kile kidhibiti kidogo kilicho kwenye ubao, siyo Linux. Kwa hiyo hiyo 3,300 yako huenda ni uamuzi wake tu.

Naima_wa_Tanga
Hilo la sikio naliunga mkono. Mimi yangu ni ya mezani, ubao unatumia draiva ya nct6775. Niliweka faili lake la pwm2_enable kuwa 1 ili nishike usukani, nikaandika 80 kwenye pwm2, faili la kasi (mwisho ni 255). Nikisoma, inanirudishia 80 vizuri kabisa. Feni nayo inaunguruma kama jenereta ya harusi! Siku mbili nahangaika na programu. Kumbe feni ni ya waya tatu, na pwm2_mode ilikuwa 1, yaani kuamrisha kwa PWM. Feni ya waya tatu haina waya wa kupokea mapigo ya PWM (mapigo ya umeme ya kuamrisha kasi), inapunguzwa kwa volti. Nikaweka 0, yaani volti, ikanyamaza palepale.

Halafu ukiandika skripti, usitaje folda ya feni kwa namba, kama hwmon3, moja kwa moja. Leo ni hwmon3, ukiwasha kesho ni hwmon5. Soma faili la `name` ndani ya kila folda uchague kwa jina.

FundiWaUani
Nimerudi. Babu, mistari ya commands kweli haikuwepo, na baada ya kuwasha upya imetokea. Level 2 ilinipa 2,700 hivi, level 7 ikafika 4,300, na mlio ukapanda hatua kwa hatua. `level full-speed` ikavuka 5,000, paka akahama chumba. Kwa hiyo feni nzima, draiva nzima. Lakini stress-ng kwa feni ya 5,000 bado 91°C! Nikaweka kiganja kwenye tundu la pembeni: hewa vuguvugu, kidogo mno, wakati ndani kunaungua.

BabuTerminali
Feni inazunguka na hewa haitoki? Fungua kifuniko.

FundiWaUani
Nimefungua. Kati ya feni na yale mapezi ya shaba kulikuwa na vumbi limeshikana kama kipande cha blanketi, nimelitoa kwa kibano likiwa zima. Pesti ya kupitisha joto ya prosesa nayo ilikuwa imekauka, inameguka kama chaki. Nimesafisha, nimepaka mpya, stress-ng dakika tano zilezile, feni nimeiachia auto: 76°C, na mizunguko bado 3,300.

Mteja anakuja kesho na nusu iliyobaki. Kijana wa duka la jirani sijamwambia bado.