Mrejesho: Asilimia kwenye chati ya duara katika R

Ndugu wataalamu, nawashukuru kwa majibu yenu. Niliuliza namna ya kuonesha asilimia kwenye chati ya duara katika R (programu ya takwimu), inayogawa wakazi wa mtaa mmoja wa Mbagala kwa usafiri wanaotumia kwenda kazini, kwa kuwa pie(), amri ya kuchora duara, ilikuwa ikiandika majina matupu: daladala, mwendokasi, bodaboda, bajaji, miguu.

Ushauri wa kuandaa lebo kabla ya kuchora ndio uliofaa. Asilimia nimezikokotoa kwa round(100 * idadi / sum(idadi), 1), ambapo idadi ni orodha ya hesabu ya watu kwa kila usafiri, nikaziunganisha na majina kwa paste0(names(idadi), " ", asilimia, "%"), kisha matokeo nikayapitisha kwenye kigezo cha labels cha pie(). Desimali moja nimeibakiza makusudi, maana asilimia zikikadiriwa kuwa namba nzima hujumlika wakati mwingine kuwa 99 au 101, na msomaji makini hulihoji jambo hilo.

Kwa kawaida R huanza kuchora pale ilipo namba 3 kwenye saa ya ukutani na kuzunguka kinyume na mishale yake; clockwise = TRUE huanzia juu, kwenye 12. Lebo za bodaboda na bajaji zilizokuwa zikipandana zimeachana baada ya kukiweka kipande cha daladala katikati yao.

Aliyependekeza barplot(), yaani chati ya baa, ana hoja, kwani hata maelezo ya pie() ndani ya R yanasema kuwa jicho hupima urefu vizuri kuliko eneo. Msimamizi wangu anataka duara, hivyo baa nimeziweka kwenye kiambatisho.