Kwa nini uchafuzi wa maji usipigwe marufuku moja kwa moja?

Mdadisi77:
Wadau, salaam. Nasoma uchumi mwaka wa pili, kuna jambo limenikaa kooni. Mhadhiri anasema lengo si kuondoa uchafu wote mtoni, ila kufika mahali ambapo gharama ya kuondoa kilo moja zaidi inalingana na faida yake. Nikauliza: kwa hiyo sheria iruhusu watu wanywe uchafu kidogo? Darasa likacheka, naye akaandika ubaoni "Pigou, 1920" (mchumi Mwingereza na mwaka wa kitabu chake), kipindi kikaisha. Nani anifafanulie kwa mambo ya kushikika? Grafu nimeshiba.

FundiMajitaka:
Mdogo wangu, grafu hiyo mimi naisoma kwenye mita ya umeme. Nimesafisha majitaka viwandani miaka 11. Tuseme yanaingia na BOD ya miligramu 400 kwa lita, yaani oksijeni ambayo bakteria wataitumia kula uchafu ule kwa siku 5. Yakitulia tu kwenye bwawa, tope likazama, karibu theluthi imeondoka. Weka vipuliza hewa, bakteria wale, utashuka mpaka 30. Sasa jaribu kutoka 30 kwenda 5: tangi jingine, mchanga wa kuchujia, umeme juu ya umeme, na tope la kutafutia pa kulitupa. Kila miligramu ya mwisho ni ghali kuliko ya kwanza mara nyingi. Huyo ndiye mhadhiri wako.

Ila hiyo ni nusu ya habari. Kiwanda cha kwanza nilichofanyia kazi, kila kitu kilikuwa na stakabadhi: dizeli, klorini, hata glavu zangu. Mto haukuwa nayo. Mhasibu akitafuta pa kubana matumizi, ananiambia nizime vipuliza usiku. Asubuhi maji yanatoka meusi, yananuka yai viza. Hakuwa mtu mbaya, ni kwamba daftari lake halikuwa na safu ya samaki. Alichotaka Pigou ni safu hiyo iwepo, na iwe na bei.

Waholanzi waliiweka kwa sheria iliyoanza kutumika 1970, na kipimo chao cha tozo ni uchafu anaotoa mtu mmoja. Ujerumani ilipitisha sheria yake 1976, ikaanza kutoza 1981. Hakuna anayekuamuru ununue mashine gani. Mwenye njia rahisi anasafisha zaidi, mwenye njia ghali analipa.

Mdadisi77:
Basi tajiri atalipa na kuendelea kumwaga?

FundiMajitaka:
Bei ikiwa ya kitoto, ndiyo, ataiona kama kodi ya pango. Halafu zebaki na ndugu zake usiwaingize kwenye hesabu hii kabisa. Hao ni kukataza tu.

KalamuNyekundu:
Fundi anaongea kama kila uchafu una bomba. Mbolea ikisombwa na mvua kutoka mashamba mia mbili, mita utaifunga wapi? Hapo wakati mwingine ni nafuu kumlipa mkulima kuliko kumtoza. Jiji la New York lilikabiliwa na mtambo wa kuchuja maji uliokadiriwa kugharimu dola bilioni 6 hivi. Kwa makubaliano ya 1997, likaelekeza fedha juu milimani Catskill, yanakotoka maji yake: kununua ardhi, kukarabati makaro, kusaidia wafugaji. Ilikuwa nafuu kwa mbali.

Na dogo, soma habari za mto Hunter, Australia. Migodi ya makaa na mitambo ya umeme ina maji ya chumvi ya kumwaga. Ziliundwa hisa 1,000, kila moja ni asilimia 0.1 ya chumvi ambayo mto unaweza kuibeba, na zinauzwa na kununuliwa. Mto ukipungua, hakuna kumwaga, hata uwe na hisa ngapi. Maji yakiongezeka, kila mmoja anafungulia kwa fungu lake. Mimi hapo ndipo nilipoelewa kwamba kilo ileile ya chumvi haina madhara yaleyale kila siku.

Mdadisi77:
Asanteni wakuu, sasa naona mwanga. La mwisho: hizo tozo, nani anapima? Si kiwanda chenyewe?

FundiMajitaka:
Umegusa penyewe. Kwetu mkaguzi alikuja na chupa zake kila Jumanne, saa nne asubuhi. Sasa kisia ni usiku gani vipuliza havikuzimwa.