Mnawapasua wazee wetu mabusha, vidonda mnamwachia nani?

Wakuu, nimeandika hapa nikiwa na hasira na sitaki kuificha.

Mjomba wangu kapasuliwa busha kwenye kambi ya upasuaji katika hospitali moja huku mkoani Mtwara, jina siliweki kwa sasa. Kavuka miaka 60. Ugonjwa huo kaishi nao tangu mimi niko shule ya msingi, hatoki bila kanzu pana, msikitini anakaa safu ya nyuma, shambani anakwenda alfajiri ili asipishane na watu. Kwetu Wamakonde mjomba ndiye mwenye neno, sasa fikiria kumkalisha kikao mtu kama huyo na kumweleza habari za sehemu zake za siri. Tulimbembeleza mpaka akakubali.

Upasuaji wenyewe sina neno nao. Alichomwa ganzi ya mgongo, daktari akafanya kazi yake, mzee akatoka salama. Balaa lilianza wodini. Usiku kucha hakuna aliyempima presha wala joto. Akilalamika maumivu anaambiwa, "Vumilia mzee, wenzako wote hapa wamepasuliwa." Bandeji imelowa damu, haibadilishwi mpaka mimi nikanunue gozi na glovu duka la nje! Najua nesi alikuwa mmoja kwa wodi nzima. Hilo la uongozi, mgonjwa linamhusu nini?

Kulipokucha akaruhusiwa, kitanda kinatakiwa. Karatasi ina majina ya dawa na tarehe ya kurudi, basi. Hakuna aliyemwambia avae chupi ya kubana ili korodani zisining'inie, asipande baiskeli, asibebe mzigo kwa wiki kadhaa. Hakuna aliyemwambia kwamba akiona uvimbe unaongezeka, homa, usaha au harufu, arudi haraka bila kungoja tarehe. Aliambiwa tu "kidonda kiwe kisafi". Huku juu uwandani maji tunayatafuta kwa shida, kila aliyeishi Makonde anajua. Kisafi kwa maji gani, na nani kamwonyesha namna ya kukisafisha?

Kikatunga usaha. Zahanati ya kijiji ikasema haina taarifa yoyote ya mgonjwa huyu, rudini mlikopasuliwa. Mzee mwenye kidonda mapajani akapakiwa kwenye boda, barabara ya mashimo, analia njia nzima. Mimi sijawahi kumwona mjomba analia. Tunafika, faili halionekani. Daktari aliyempasua alikuja kwa ajili ya kambi, keshaondoka. Tulipie faili jipya! Sera ya Afya ya 2007 inasema wazee wasiojiweza wa miaka 60 na kuendelea watibiwe bure. Nilipoitaja, yule wa dirishani akanigeuzia mgongo.

Busha si laana wala matokeo ya uzinzi, kama wanavyonong'ona vijijini. Ni minyoo inayosambazwa na mbu, na sisi wa Lindi na Mtwara ugonjwa huu umetuumiza miaka mingi. Zile dawa za matende na mabusha tunazogawiwa zinazuia maambukizi, ila busha likishakuwa kubwa dawa haziliondoi, ni kisu tu. Kwa hiyo upasuaji ndio tumaini la hawa wazee. Wapo wanaume kijijini kwetu waliokuwa wanasubiri kuona mjomba atarudije. Wameona. Wameshasema hawaendi. Nani atawabembeleza tena? Mimi sina tena uso wa kuwaambia nendeni.

Kambi haiishi siku madaktari wanapopanda gari. Kabla mzee hajatoka wodini, zahanati ya kijijini kwake iwe na karatasi yake inayosema kafanyiwa nini na kidonda kisafishwe lini. Hospitali iwe na mtu mmoja mwenye simu anayejibu kuhusu wagonjwa wa kambi mpaka wote wapone. Na mzee akirudi na usaha asipelekwe dirisha la malipo kwanza. Msitujibu kwamba kuna sanduku la maoni, tumeshaandika, kimya.

Barua kwa mganga mfawidhi iko tayari, nakala inakwenda kwa Mganga Mkuu wa Mkoa na Baraza la Uuguzi na Ukunga. Kama baba au mjomba wako alipasuliwa kwenye kambi huku Mtwara au Lindi akaachwa hivi, njoo inboksi. Jina lake silihitaji. Nipe mwezi aliopasuliwa na alichojibiwa aliporudi na kidonda.