Mtoto anaharisha, mzazi anataka Flagyl: mnamhudumiaje?

mtoadawa_dldm: Wakuu, mtoto ana mwaka na miezi miwili, anaharisha majimaji tangu jana, kama mara sita. Kabaki nyumbani. Mzazi anataka Flagyl ya maji na kitu cha "kufunga tumbo". Ukimkatalia anavuka barabara, duka la pili anapewa. Mnafanyaje?

Mfamasia_Zamu: Flagyl (metronidazole) haimhusu. Inaua amiba na giardia, na kuharisha majimaji umri huo mara nyingi ni virusi. Loperamide, hiyo dawa ya "kufunga tumbo", kwa mtoto mdogo usithubutu, inaweza kusimamisha utumbo kabisa. Kabla ya kugusa rafu uliza: choo kina damu? Anatapika kila kitu? Anakunywa? Kakojoa saa ngapi? Analegea, macho yameingia ndani, degedege? Jibu moja tu likiwa baya, kituo cha afya sasa hivi, huku anapewa ORS (unga wa chumvi na sukari wa kuchanganya na maji) njiani kama anaweza kunywa. Asipojua kujibu, amlete mtoto.

dozi_sahihi: Hapo sawa. Ila ORS yenyewe ndiyo inayoharibiwa nyumbani. Pakiti nyingi ni za lita moja, na chupa kubwa ya maji madukani huwa ya lita moja na nusu. Akimimina humo akajaza, imekuwa nyepesi. Akitumia ya nusu lita, chumvi imezidi na mtoto anazidi kukauka. Mwambie chupa mbili za nusu lita, pakiti nzima. Asigawe unga, haugawanyiki sawasawa. Asiongeze sukari wala soda, na ikipita saa 24 amwage. Kila akiharisha, mililita 50 hadi 100. Kunyonya kuendelee.

mtoadawa_dldm: Akiitapika?

dozi_sahihi: Asubiri dakika 10, kisha kijiko cha chai kila dakika mbili tatu. Wengi wanatapika kwa sababu wamenyweshwa kikombe kizima kwa mkupuo.

Mfamasia_Zamu: Na zinki msisahau. Miezi sita na kuendelea miligramu 20 kwa siku, chini ya hapo 10, kwa siku 10 hadi 14. Kidonge kinayeyushwa kwenye kijiko cha maji safi au maziwa ya mama. Wazazi huacha siku ya tatu choo kikishakuwa kizito. Waambie mapema kwamba siku zilizobaki ni za kupunguza kuharisha tena miezi miwili mitatu ijayo. Kuhusu kuvuka barabara: mzazi anaondoka ukimpa "hapana" mkononi. Mpe ORS na zinki, andika dozi kwenye bahasha, na umwambie arudi siku ya tatu kama hakuna nafuu.