Kubebwa na mabaunsa ngazini: je, hiyo ndiyo njia ya kuingia ukumbini?

Wadau, salaam. Naomba tulijadili hili kwa uwazi. Anayenipinga anipinge, mradi tujibizane kwa hoja.

Natumia kiti mwendo, huu ni mwaka wa 9. Mwezi uliopita bendi ninayoipenda ilikuwa inapiga laivu Jumamosi kwenye ukumbi mmoja hapa Arusha. Nikapiga simu kuuliza kama kuna njia mteremko. Nilijibiwa kwa upole kabisa: "Kaka, wewe njoo tu. Vijana wapo, watakubeba."

Nikaenda. Nilifika saa kumi na moja jioni, kabla watu hawajajaa. Mlangoni pana ngazi tatu. Mafundi mitambo walikuwa wanaingiza vyombo; wakalaza mbao mbili ndefu juu ya ngazi, wakayasukuma yale maboksi makubwa ya besi yenye magurudumu, yakapanda moja baada ya jingine bila jasho. Walipomaliza wakazirudisha mbao zao kwenye gari. Ndipo mabaunsa watatu wakanijia. Spika ziliingia kwa magurudumu yake. Mimi, mwenye magurudumu pia, nikaingia mikononi mwa watu.

Wa kushoto alishika pale ninapoegemeza mkono. Kwenye viti vingi sehemu hiyo huchomoka, imetengenezwa hivyo ili mtu aweze kuhamia kitandani au kwenye gari. Ikachomoka tukiwa ngazi ya pili. Kiti kikalala upande, nikamkumbatia baunsa mwingine shingoni. Sikuanguka. Lakini foleni nzima ya kiingilio ilinyamaza, kisha watu wakanipisha kama wanavyopisha jeneza. Nilikuwa nimevaa shati jipya, nimekuja kucheza muziki.

Ndani, wimbo wa tatu tu ulipoanza watu wakasimama. Kuanzia hapo nilitazama migongo. Mlango wa choo niliupima kwa futi kamba: sentimita 60. Kiti changu kina 64. Sikushangaa, na ndiyo maana sikuwa nimekunywa hata maji tangu saa saba mchana. Wenzangu wa viti mnajua ninachosema, ndivyo tunavyojiandaa hata kwa harusi za ndugu zetu. Saa nane usiku nilitaka kuondoka. Baunsa mmoja alikuwa getini anaamua ugomvi, wawili hawakuonekana. Nilikaa dakika 40 juu ya zile ngazi tatu, nikiwaza: je, moto ungetokea?

Msimamo wangu ni kwamba kumbeba mtu si njia ya kuingia, na ukumbi unaouza tiketi kwa umma ulazimishwe kuwa na njia. Nchi yetu iliridhia Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu mwaka 2009, na mwaka uliofuata, 2010, tukapata Sheria ya Watu Wenye Ulemavu. Ibara ya 30 ya mkataba ule inazungumzia jambo hili hili, utamaduni na burudani. Kwa hiyo asiniambie mtu kwamba hospitali na shule ndizo haki, muziki ni anasa ya mwenye miguu.

Na tusidhani sisi ni wasikilizaji tu. Staff Benda Bilili ya Kinshasa ilijulikana duniani, na wanamuziki wake kadhaa walipata polio utotoni na walipiga wakiwa kwenye baiskeli zao za magurudumu matatu. Jukwaa nililoliona Jumamosi ile lisingewapokea. Nao wangebebwa na mabaunsa?

Haya, semeni.

Mwenye ukumbi, Moshi

Kaka, pole sana, na nimeumia kusoma hilo la jeneza. Ila na sisi mtusikilize. Jengo nimepanga. Nilipomwomba mwenye nyumba nivunje ngazi za mbele alikataa, akasema mbele pale ni njia ya watembea kwa miguu, manispaa itamtoza faini. Miaka mitatu nimepokea wateja wa viti mwendo wawili. Vijana wangu nimewafundisha adabu, wanamsalimia mtu kwanza na wanamuuliza anashikwaje. Ukinilazimisha kesho, nafunga, na bendi ya watu saba inakosa kazi.

Mchangiaji, Ngarenaro

Mimi pia natumia kiti, na naomba usinisemee. Nabebwa na rafiki zangu tangu shule ya msingi na sijawahi kuona aibu. Kubebana ni undugu wetu. Nikisubiri ujenzi wa njia zote mji huu nitazeeka ndani.

Mama, Kijenge

Wanangu, mimi natembelea magongo mawili. Mteremko mrefu unanitesa kuliko ngazi, hasa ukilowa mvua, gongo linateleza. Ninachotaka ni bomba la kushikilia pande zote mbili na kiti kimoja karibu na mlango. Mkijenga yenu msiing'oe ngazi yangu.

Mwanzisha mada

Mama, shikamoo. Umenifumbua macho, sikuwa nimeliwaza hilo la mvua. Ngazi ibaki, ipate bomba, na njia mteremko iwe kando yake.

Ndugu wa Ngarenaro, nimekuelewa na sikusemei. Ila waliokubeba wewe ni rafiki zako, wanajua kiti chako kinashikwa wapi, na mkitoka mnatoka pamoja. Mimi nilibebwa na watu waliopewa amri na bosi wao. Undugu nautaka sana, lakini nikiwa nimeshaingia.

Kaka wa Moshi, nashukuru umejibu kwa moyo, wengi hunyamaza. Kuhusu wateja wawili kwa miaka mitatu: ukumbi usio na njia utawahesabuje waliobaki nyumbani? Mji wako una chuo cha TATCOT pale hospitali ya KCMC, kinachofundisha mafundi wa viungo bandia na wa viti mwendo. Viti vinatengenezwa, watu wanavipata, jioni hawana pa kuvipeleka.

Sasa hesabu. Kipimo kinachotumika sehemu nyingi duniani ni 1 kwa 12, yaani kila sentimita moja ya kimo inahitaji sentimita 12 za urefu. Ngazi tatu za sentimita 15 ni kimo cha 45, kwa hiyo unahitaji mita 5 na sentimita 40. Mbele ya jengo lako nakubali hapatoshi. Je, mlango wa nyuma, wanakoshushia kreti za bia? Pale mara nyingi pana uwanja, na kimo ni kidogo. Fundi wa kuchomelea anaweza kukutengenezea njia ya chuma ya kuondoshwa, yenye kingo pembeni ili gurudumu lisitoke. Hapo huvunji ngazi ya mtu wala huhitaji kumgusa mwenye nyumba. Mafundi mitambo watakuwa wa kwanza kukushukuru, na kijana wa kreti atapumzisha mgongo. Ila mlango huo uwe na taa na usifungwe kwa kufuli muziki ukiwa unaendelea.

Choo ndicho kigumu, sitakudanganya. Kupanua mlango hadi sentimita 90 ni kubomoa ukuta. Hapo nakubali upewe muda, hata mwaka. Lakini wakati tunasubiri, kuna jambo lisilogharimu kitu: kwenye bango la tangazo, chini ya kiingilio, andika ukweli. "Ngazi tatu. Choo mlango sm 60." Mtu aamue akiwa nyumbani, asije kugundua akiwa hewani mikononi mwa baunsa.

Jumanne nina kliniki KCMC. Nikimaliza mapema nitapita kwako kabla hujafungua, tukaangalie mlango wa nyuma. Futi kamba ninayo.