Landau, Monte Carlo au renomalizesheni: uanzie wapi kusoma mpito wa hali ya maada?

SpiniJuu: Wakuu habari zenu, naanza tizisi ya masta, nasoma sumaku inavyopoteza usumaku ikipashwa joto, chuma kwa mfano kikifika nyuzi 770 hivi za Selsiasi basi kwisha, huo ndo mpito wenyewe. Msimamizi kaniachia nichague njia mwenyewe. Mngeanza na ipi?

Mzee_Fomula: Kijana anza na nadharia ya Landau, ni ya 1937 ila haijachuja. Unaandika nishati huru (ile ambayo mfumo hutafuta iwe ndogo kabisa) kwa vipeo vya M tu, M ndo usumaku, halafu namba iliyo mbele ya M² unaiacha igeuke hasi joto likishuka, M inachomoza yenyewe. Ukurasa mmoja umemaliza. Namba ya M⁴ nayo ikiwa hasi unaongeza M⁶, unapata mpito wa kuruka ghafla.

KeteMbili: Shikamoo mzee, picha nzuri sana ila namba zake jamani. Chukua modeli ya Ising, yaani spini (visumaku vidogo vya kuelekea juu au chini tu) kwenye gridi ya miraba, ukitumia wastani wa majirani kama Landau unapata joto la mpito kT/J = 4 (J ni nguvu kati ya spini jirani, k ni namba ya Boltzmann), wakati Onsager alishatoa jibu kamili 1944, ni 2.269! Kipeo beta, kinachosema M inafifia vipi ukikaribia mpito, Landau anasema 1/2, kweli ni 1/8. Kila spini inasikiliza wastani, haimsikilizi jirani yake halisi, na karibu na mpito majirani ndo kila kitu. Mimi nasema Monte Carlo, yaani kuigiza spini kwenye kompyuta kwa bahati nasibu, ile ya Metropolis na wenzake ya 1953, programu yake fupi tu.

SpiniJuu: Laptopu ya kawaida itaweza?

KeteMbili: Gridi ya 64 kwa 64 bila shida. Ila ukikaribia mpito kugeuza spini moja moja kunakuwa kuzito mno, mabonge ya spini zinazofanana yanakua na hayataki kugeuka, hapo hamia mbinu ya Wolff ya 1989 inageuza bonge zima kwa mkupuo. Na usiamini gridi moja, endesha saizi kama tatu uone joto la mpito linavyosogea.

DadaMizani: Wote mmeruka swali la KWA NINI. Maji na mvuke kwenye nukta yao ya kikomo (pale tofauti yao inapopotea), na sumaku ya mhimili mmoja (spini zake zinafuata mstari mmoja tu), vyote beta ni karibu 0.326, vitu visivyofanana hata chembe! Renomalizesheni ya Wilson ndo inaeleza, ukizidi kutazama kwa mbali vitu vidogo vinafutika, kinachobaki ni dimensheni na simetria. Ila mdogo wangu, joto la mpito la chuma chako haitakupa.

Mzee_Fomula: Marahaba Kete. Nakubali, ila msimtupe Landau, kwenye supakondakta za kawaida (zinazopitisha umeme bila ukinzani) anapatia vizuri kwa sababu jozi za elektroni ni kubwa na zinapandana nyingi mno mahali pamoja, wastani unakuwa wa kweli. Na hiyo J ya chuma mtaitoa wapi? Lazima hesabu za densiti ya elektroni, njia ya Kohn na Sham ya 1965, ndo uilishe Monte Carlo.

SpiniJuu: Basi naandika Landau wiki hii, halafu gridi ya miraba, nikiipata 2.269 ndo niguse J ya chuma. Dada nitakurudia nikifika kwenye vipeo.